Tanuru la chuma la mkondo mnyoofu: faida iko juu, bei inalipwa sakafuni

Hotuba kwa wahandisi, mafundi na wanafunzi wa metaluji, Lubumbashi

Jambo kwenu wote, wababa na wamama, wahandisi, mafundi wa tanuru na wa umeme, na ninyi vijana wa politekniki.

Katanga imeujua mkondo mnyoofu mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika. Tangu 1982 umeme wa bwawa la Inga unasafiri kilomita zipatazo 1,700 hadi Kolwezi kwa mkondo huo unaokwenda upande mmoja tu, ambao mafundi wetu wanauita kontini, kwa kilovolti 500 juu na chini ya sifuri. Pale Kolwezi vali za tiristori, yaani swichi za elektroniki za mkondo mkubwa, zinaugeuza kuwa mkondo geu, unaobadili upande kila mara, wa hezi 50, ndipo unaingia kwenye gridi ya kilovolti 220. Kwa hiyo nikitaja tanuru linalolishwa na tiristori sileti jambo geni. Ni kazi ileile ya Kolwezi ikifanywa kinyume, tena kwa vipimo vilivyopinduka: laini ya Inga ina volti nyingi sana na ampea chache, tanuru linataka volti 500 hadi 700 tu, lakini ampea 70,000, hata 100,000 na kupita.

Nimeombwa kueleza faida za tanuru la tao la umeme la mkondo mnyoofu katika kuyeyusha chuma. Zipo, na ni za kweli. Iliyo kubwa kuliko zote haionekani ukichungulia mlangoni mwa tanuru; inaonekana kwenye gridi. Na kila faida inayopatikana juu, kwenye elektrodi na kwenye nyaya, inalipiwa chini, kwenye sakafu, ambako mkondo unapitia. Mwekezaji anayehesabu elektrodi bila kuhesabu sakafu hajamaliza hesabu.

Tanuru la kawaida, la mkondo geu, lina elektrodi tatu za grafiti zinazoshuka kupitia kifuniko. Mkondo unaingia kwa moja, unaruka kama tao hadi kwenye chuma, unatoka kwa nyingine. Paul Héroult alilitengeneza kwa ajili ya biashara mwanzoni mwa karne ya 20, na hadi leo matanuru mengi zaidi duniani ni ya namna yake. Tanuru la mkondo mnyoofu lina elektrodi moja tu katikati, nayo ni kathodi, ncha hasi. Anodi, ncha chanya, ni sakafu yenyewe. Mkondo unashuka kwa elektrodi, unapita katika tao, unapenya dimbwi la chuma kiowevu, unatokea chini ya tanuru na kurudi kwenye kinyooshi, kifaa kinachogeuza mkondo geu kuwa mnyoofu. Wazo hili si jipya: William Siemens alilijaribu tangu miaka ya 1870. Lililokosekana wakati ule ni kinyooshi cha kubeba makumi ya maelfu ya ampea, na hicho kilipatikana tiristori kubwa zilipoanza kutengenezwa kwa wingi. Ndiyo sababu wimbi la matanuru haya lilikuja miaka ya 1980 na 1990. Tokyo Steel iliwasha lake la tani 130 huko Kyushu mwaka 1989, na baada ya hapo viwanda vingi vilifuata.

Sasa tuingie kwenye gridi, maana ndiko kwenye uzito kwa mji kama wetu.

Chuma chakavu, mitraye, hakitulii kikiyeyuka. Kipande kinaanguka juu ya elektrodi, tao linakufa, shoti inatokea, kipande kinayeyuka, tao linawaka tena likiwa refu kuliko mwanzo. Katika tanuru la mkondo geu kila shoti ya namna hii inavuta kwenye gridi nguvu inayokaribia mara mbili ya ile ya kawaida, na karibu yote ni nguvu reaktivu, ile inayoshusha volti. Zaidi ya hapo, tao lenyewe linazimika na kuwaka mara 100 kila sekunde, kwa sababu mkondo unapita kwenye sifuri mara 100. Matokeo yake mnayajua hata kama hamjaingia kiwandani: taa za mtaa mzima zinapepesa, pampu za majirani zinanguruma, kompyuta zinazimika.

Katika mkondo mnyoofu, kipande kikiangukia elektrodi, tiristori zinabana. Koili kubwa iliyofungwa kwenye njia ya mkondo inauzuia usipande kwa ghafla, na ndani ya milisekunde chache kidhibiti kinaurudisha kwenye kiwango kilichowekwa. Gridi haioni shoti ya mara mbili. Kwa tanuru la nguvu ileile, kupepesa kunashuka hadi karibu nusu.

Tufanye hesabu. Kipimo cha kupepesa kinaitwa Pst. Kikifika 1, ndipo jicho la mtu wa kawaida linaanza kusumbuliwa na taa ya nyuzi. Kukadiria Pst ya tanuru la mkondo geu, unachukua nguvu ya shoti ya tanuru, unaigawa kwa nguvu ya shoti ya gridi pale unapojiunga (nguvu ambayo ingepita shoti ikitokea; ikiwa kubwa, gridi ni imara), unazidisha kwa kizio ambacho kwa kawaida kiko kati ya 48 na 85. Tuseme transfoma ni ya MVA 50 (megavolti-ampea, kipimo cha nguvu ya umeme), shoti yake ni MVA 100, gridi ina MVA 2,000, na kizio tuweke 60. Inatoka 3. Hiyo ni mara tatu ya kinachovumilika. Tanuru la mkondo mnyoofu mahali palepale litatoa kama 1.5. Bado ni nyingi, na hapa ndipo wauzaji wengine wananyamaza: kubadili mkondo peke yake hakumalizi tatizo kwenye gridi dhaifu. Lakini kutoka 1.5 unaweza kushuka chini ya 1 kwa kifidishi cha kawaida cha tiristori, kifaa cha kufidia nguvu reaktivu, ambacho kinapunguza kupepesa kwa nusu hivi. Kutoka 3, kifidishi hichohicho kitakuacha kwenye 1.5, na utalazimika kununua kifidishi cha kasi zaidi kinachojengwa kwa transista za nguvu, ambacho ni ghali. Faida ya mkondo mnyoofu, kwa lugha ya fedha, ni tofauti ya bei ya vifidishi hivyo viwili.

Na hiyo MVA 2,000 mtaitoa wapi? Ombeni SNEL, shirika la umeme la taifa, thamani ya chini kabisa, ile ya siku ambayo mashine za vituo vya umeme vya Nseke au Nzilo zimesimamishwa kwa matengenezo na laini moja iko nje. Mkipewa thamani ya juu, ya gridi ikiwa nzima, mtachora tanuru linalofanya kazi vizuri siku za neema na kugombana na mji siku nyingine zote.

Kinyooshi nacho kina uchafu wake. Daraja la tiristori sita linarudisha kwenye gridi harmoniki, yaani mawimbi ya ziada yenye hezi ambazo ni vizidisho vya 50: ya 5 na ya 7, hezi 250 na 350. Ukiunganisha madaraja mawili kwa transfoma zenye mpishano wa nyuzi 30, hizo zinafutana na kubaki ya 11 na ya 13, hezi 550 na 650; madaraja manne yakipangwa vizuri yanasogeza tatizo hadi ya 23 na ya 25. Kwa hiyo vichujio havikwepeki, na lazima vihesabiwe pamoja na kapasita zilizopo tayari kwenye migodi jirani, zisije zikapigana. Tena, tiristori ikibana mkondo, pembe ya kufungulia inakaribia nyuzi 90, na kipengele cha nguvu, yaani sehemu ya umeme inayofanya kazi ya kweli, kinashuka. Nguvu reaktivu haijatoweka. Imepungua na imekuwa na adabu, basi. Vinyooshi vyenye diodi za kupitishia mkondo wakati wa kubana vinasaidia sana hapa, na ni jambo la kuandika kwenye mkataba tangu mwanzo.

Tuje kwenye grafiti, faida ambayo kila mtu anaitaja.

Chukueni tanuru la tani 60. Kwa mkondo geu lingekuwa na elektrodi tatu za milimita 500. Kwa mkondo mnyoofu linatosheka na moja ya milimita 600, ikibeba ampea 70,000. Ukigawanya kwa eneo lake unapata kama ampea 25 kwa kila sentimita ya mraba, kiwango ambacho grafiti bora inakivumilia bila shida. Sasa pimeni mzunguko wa nje. Tatu za 500 zina jumla ya mita 4.7 za mzunguko. Moja ya 600 ina mita 1.9. Grafiti yenye joto jekundu inaungua kwenye hewa kupitia ngozi yake, kwa hiyo ngozi iliyo wazi imeshuka hadi asilimia 40. Ncha nayo inapona: katika mkondo geu kila ncha inakuwa anodi mara 50 kwa sekunde, na anodi ndiyo inayopokea joto kali zaidi la tao, katika mkondo mnyoofu ncha ni kathodi wakati wote, na joto lile kubwa linaelekezwa kwenye chuma, ambako ndiko tunalitaka.

Kuna sababu ya tatu ambayo wanafunzi watapenda kuikokotoa wenyewe. Mkondo geu unapenda kukimbilia kwenye ngozi ya kipitishi. Kwa hezi 50, katika grafiti yenye ukinzani wa mikroomu-mita 5, kina chake ni kama sentimita 16. Elektrodi nene inabeba mkondo mwingi pembeni na moyo wake unafanya kazi kidogo. Mkondo mnyoofu unatumia unene wote. Ndiyo maana elektrodi moja ya milimita 711 inaweza kubebeshwa zaidi ya ampea 100,000.

Kwa jumla, tanuru zuri la mkondo mnyoofu linakula kilo 1 hadi 1.5 za grafiti kwa tani ya chuma, na la mkondo geu lililosimamiwa vizuri ni kama 1.8 hadi 2.5. Tofauti si ndogo kwa kiwanda kinacholeta grafiti kutoka ng'ambo na kuipitisha mpakani Kasumbalesa. Lakini pelekeni hesabu kwa uangalifu: elektrodi nene za daraja la juu zinatengenezwa na watu wachache kuliko zile za milimita 500, na bei ya kilo moja si ileile. Mwaka 2017 bei ya grafiti duniani ilipanda mara kadhaa kwa muda mfupi. Waliokuwa na akiba ghalani waliendelea kuyeyusha. Na elektrodi moja ikivunjika, tanuru zima limesimama, kwa hiyo safu ya pili iliyokwisha kuunganishwa iwe imesimama tayari kwenye kituo chake wakati wote.

Kuhusu umeme unaotumika kwa tani, nawasihi msidanganywe na ahadi kubwa. Kuyeyusha tani ya mitraye na kuifikisha nyuzi 1,600 kunadai kilowati-saa kama 380 kwa hesabu ya fizikia, na mkondo wowote ule haubadili jambo hilo. Akiba ipo, kwa sababu tao liko katikati, mbali na kuta, na kifuniko kina tundu moja badala ya matatu. Lakini ni ndogo, na mara nyingi fundi mzuri wa skori, ule uchafu kiowevu unaoelea juu ya chuma, anaokoa zaidi ya hapo kwa kazi ya mkono wake.

Nitaje skori basi, maana hapa watu wanakosea. Tao la mkondo mnyoofu ni refu. Kwa volti 600 na ampea 70,000 una megawati 42 zikiwaka katika nguzo moja ya moto, na nguzo hiyo isipofunikwa inachoma kifuniko na paneli za maji. Inafunikwa na skori inayotoa povu. Unapuliza oksijeni na unga wa kaboni. Kaboni inakamata oksijeni ya oksidi ya chuma iliyo ndani ya skori na kutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, nayo inaivimbisha. Skori iwe na chokaa kama mara mbili ya silika, na magnezia asilimia 8 hadi 10, isije ikala matofali. Ikiwa nyepesi mno, mapovu yanapasuka. Ikiwa nzito mno, gesi inatoboa tundu moja na kutokea hapo. Masikio ya fundi yanatambua mapema: sauti ikipanda kuwa kali, tao limevuliwa nguo. Ikiwa kaboni haipo ghalani, shusha volti, fupisha tao, kubali kuyeyusha polepole. Kwa jumla tanuru hili lina makelele kidogo kuliko lile lingine, na kwa walioko karibu nalo kila zamu hilo si jambo dogo.

Kwa kuwa mkondo unapita ndani ya dimbwi kutoka juu hadi chini, nguvu za sumaku zinalikoroga. Joto linakuwa sawa zaidi, chuma na skori vinakutana vizuri zaidi, na kipimo cha joto unachochukua mlangoni kinakaribia ukweli wa tanuru zima. Kuta hazina yale madoa matatu ya moto mkali yanayotazamana na elektrodi tatu. Hata hivyo sumaku hiyohiyo inaleta balaa moja. Baa za shaba zinazorudisha mkondo chini ya tanuru zina uga wake, na uga huo unalisukuma tao upande ulio mbali na kinyooshi. Ukikuta paneli za upande mmoja zinaungua kila mara huku za upande wa kinyooshi zikiwa salama, usilaumu paneli. Angalia njia ya baa. Dawa ni kuzizungusha chini ya tanuru kwa mpango uliokokotolewa, au kuigawa anodi katika robo nne, kila moja na kinyooshi chake, ili tao lisukumwe kurudi katikati kwa kugawa mkondo tofauti.

Upande mwingine wa elektrodi moja ni kwamba inachimba kisima kimoja katikati ya mitraye. Pembeni vipande vinabaki vimesimama, kisha vinaporomoka ghafla na kuivunja elektrodi. Vichomeo vya oksijeni kwenye kuta si anasa katika tanuru hili. Kikapu nacho kipangwe: vyepesi chini ili visiipige sakafu, vizito katikati, vyepesi tena juu ili tao lizame haraka.

Nimefika kwenye sakafu. Niruhusuni nikae hapa kidogo.

Anodi ya sakafu inajengwa kwa namna nne. Ya kwanza, sakafu nzima ni ya matofali ya magnezia yenye kaboni, yanayopitisha umeme, yamekaa juu ya bamba la shaba. Ya pili ni ya pini: pini za chuma za milimita 25 hadi 50 zimesimama ndani ya udongo wa magnezia ulioshindiliwa, na chini kuna bamba linalopozwa kwa hewa. Ya tatu inatumia mabamba membamba ya chuma badala ya pini. Ya nne ina nguzo moja hadi nne nene za chuma, unene wa sentimita 25 hivi, zilizounganishwa chini na shaba inayopozwa kwa maji. Zote zinafanya kazi. Kwa mahali ambapo vipuri vinakuja kutoka mbali, naona ile ya pini inayopozwa kwa hewa ina busara zaidi, kwa sababu maji chini ya tani kadhaa za chuma kiowevu yanadai nidhamu ya vipimo isiyolala hata usiku mmoja. Maji yakikutana na chuma, yanageuka mvuke kwa mlipuko.

Ncha za juu za pini zinayeyuka kila uyeyushaji na kuganda tena. Huo ndio mwenendo wake wa kawaida. Zinafupika pamoja na udongo unaozizunguka, sehemu ya milimita au milimita moja hivi kila mara. Unajuaje zimebaki kiasi gani? Kwa themokapo, vipima joto vya waya, zilizowekwa ndani ya pini kadhaa, katika kina tofauti. Joto la chini likipanda taratibu kwa majuma, huo ni uchakavu. Likipanda kwa pini moja ndani ya uyeyushaji mmoja, chuma kimepenya kwenye ufa: katisha umeme, mimina, angalia. Themokapo iliyokufa ibadilishwe mara ya kwanza sakafu inapofikika. Usiiweke kwenye orodha ya baadaye.

Fundi aliyezoea tanuru la mkondo geu ana desturi ya kurushia magnezia kavu kila mahali baada ya kumimina, kuziba mashimo. Kwenye sakafu ya pini desturi hiyo ni kosa kubwa. Magnezia haipitishi umeme. Ukiifunika anodi, umekata njia ya mkondo kwa mkono wako mwenyewe. Ziba kingo na mteremko, acha uso wa anodi.

Jambo jingine la kila zamu ni utando wa kutenganisha sehemu ya chini ya tanuru na ya juu. Anodi iko chini, na ganda la juu lazima litengwe nayo. Kipande cha chuma au tone la skori likiziba pengo hilo, mkondo unapata njia ya mkato kupitia paneli za maji, na utaona matobo madogo ambayo hakuna tao lililoyagusa. Pima ukinzani wa utando kabla ya kuanza zamu. Ni kazi ya dakika chache.

Sasa delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu. Tanuru la mkondo mnyoofu linahitaji kubakiza chuma kiowevu ndani kila linapomimina, asilimia 15 hadi 25, yaani kama tani 12 kwa tanuru letu la tani 60. Baki hilo ndilo linalounganisha anodi na mitraye mpya. Umeme ukikatika, swali la kwanza ni feni za sakafu. Ziwe mbili, na ya pili ilishwe na jenereta inayojiwasha yenyewe, kwa sababu joto lililo juu ya pini halijui kwamba umeme umekatika.

Baada ya feni, swali ni baki. Watu wanaogopa chuma kikiganda. Chuma kilichoganda bado kinapitisha umeme. Skori iliyoganda ndiyo isiyopitisha. Kwa hiyo umeme ukikatika, au mkipewa taarifa kwamba utakatika, kazi ya kwanza ni kuitoa skori kwa kulaza tanuru upande wa mlango, ingali kiowevu. Kisha funga mlango, shusha kifuniko, tunza joto. Ikiwa kukatika ni kwa saa nyingi au haijulikani hadi lini, mimina baki lote. Bonge la tani 12 likipoa linasinyaa na likipashwa tena linavimba, na linaweza kupasua udongo wa sakafu. Chuma kinachofuata kitaingia kwenye nyufa hizo. Lakini tanuru la kulazwa linataka hidroliki, na hidroliki inataka umeme. Jenereta ipimwe kwa feni, hidroliki, pampu za maji ya paneli na winchi ya elektrodi kwa pamoja, siyo kwa taa za ukumbi tu.

Kuwasha upya tanuru lililopoa kunafuata mpangilio huu. Kwanza uso wa anodi usafishwe. Penye ngozi ya skori, ivunjwe kwa mtalimbo au ichomwe kwa bomba la oksijeni hadi chuma king'ae. Pima ukinzani kati ya sakafu na kipande cha chuma kilichowekwa juu yake. Tandika mitraye midogo, misafi, mikavu, isiyo na kutu nene, ifunike anodi yote. Shusha elektrodi, anza kwa ampea 20,000 hadi 30,000 kwa volti ndogo, na utazame mgawanyo wa mkondo kati ya robo za anodi. Robo moja ikibeba mkondo wote na nyingine zikiwa kimya, simamisha, maana utazichoma pini za upande mmoja. Ukipata dimbwi la kwanza, panda hatua kwa hatua.

Na kwa kuwa tunabakiza chuma kiowevu kingi, majira ya mvua yanakuwa hatari kuliko kwenye tanuru la kawaida. Kuanzia Novemba hadi Aprili mitraye ya Lubumbashi inalala kwenye maji. Kikapu chenye maji kikimwagwa juu ya tani 12 za chuma kiowevu ni bomu. Jengeni paa juu ya yadi kabla ya kununua kompyuta ya pili ya tanuru. Mitungi iliyofungwa, silinda za hidroliki, vifyonza mshtuko, vyote vikatwe kabla.

Kuna jambo ambalo mkondo wowote hauwezi kulitibu, nalo linatuhusu Katanga kuliko wengine: shaba. Mitraye ya migodini imejaa mota, nyaya, bushi za shaba nyeusi na nyekundu. Oksijeni haiitoi shaba kwenye chuma, kilichoingia kinabaki. Ikizidi, chuma kinapasuka ngozi kikiviringishwa kwenye moto. Kwa nondo watu wanajitahidi kutovuka asilimia 0.3 au 0.4, na kwa bidhaa nyembamba ni chini zaidi. Uchambuzi unafanyika yadini, kwa mikono na macho, kabla ya kikapu.

Nitasema pia pale ambapo nisingeshauri mkondo mnyoofu. Ukiwa karibu kabisa na kituo kikubwa cha kilovolti 220 chenye nguvu ya shoti ya kutosha, tanuru la mkondo geu lenye koili upande wa volti ya juu na tao refu ni rahisi kulitunza, na sakafu yake haina siri. Siku hizi kuna pia vibadilishi vya elektroniki vinavyolisha elektrodi tatu kwa mkondo uliodhibitiwa, na vinapunguza kupepesa bila anodi ya sakafu. Vinastahili kuulizwa bei.

Lakini kwetu kuna hoja nyingine inayoelekea upande wa mkondo mnyoofu, na haitoki kwenye chuma peke yake. Elektrodi moja juu ya dimbwi lililo wazi inapokea vumbi na chembe ndogo ambazo tanuru jingine lingezikataa. Watafiti wa Mintek, taasisi ya utafiti wa madini ya Afrika Kusini, waliisimamia njia hii kwa ferokromu, na tanuru la MVA 16 likafanya kazi Krugersdorp tangu 1984. Mwaka 2001, ng'ambo ya mpaka wetu, Chambishi katika Zambia iliwasha tanuru la mkondo mnyoofu la megawati 40 ili kutoa kobalti kwenye skori ya zamani ya Nkana. Kijana anayejifunza kutunza sakafu ya pini kwa ajili ya nondo amejifunza ufundi unaohitajika pia mbele ya mlima wa skori.

Kwa walio karibu kuandika daftari la zabuni: agizeni sakafu ya pili pamoja na tanuru, ganda lake likiwa kamili, pini na themokapo zikiwa ndani, ibaki kushindiliwa na kukaushwa hapa. Kubadilisha ganda lote lililokwisha kutayarishwa ni kazi fupi sana kuliko kujenga upya sakafu ndani ya tanuru lililosimama. Mkiiagiza baada ya ile ya kwanza kuchakaa, mtaingoja kwenye meli, Dar es Salaam au Durban, kisha kwenye foleni ya malori Kasumbalesa, na muda huo wote tanuru litakuwa limekaa bila kuyeyusha hata kilo moja.